Aliyeshikwa na Adelgunda

Ukimsikia mtu wa upande wetu wa Bweranyange akisema leo ameshikwa na adelgunda, usihangaike kumtafutia dawa. Hana homa. Amechoka tu, ila si ule uchovu wa kupalilia migomba kutwa. Huo watu wa hapa wana neno lake la kawaida, nduhire, mtu analisema, anaoga, anakula ndizi na maharage yake, analala. Adelgunda ni uchovu wa mtu anayeketi kazi ikiwa bado. Mama akiacha chungu kiungue huku anakitazama, ana adelgunda. Mtoto akiinamia dawati mwalimu akiwa ubaoni, ana adelgunda. Ng'ombe wa jirani aligoma kupanda kilima, mwenye ng'ombe akampigia kelele, "Inuka, wewe Adelgunda." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa mgeni, na mgeni hucheka wenyeji wakicheka.

Mimi naitwa Vero. Wazazi wangu ni watu wa Muleba waliohamia Kayanga kuuza vitambaa sokoni, na mimi nilikuwa na cherehani yangu katika chumba cha kupanga karibu na stendi. Nilishona sare za shule, magauni ya kipaimara, mapazia ya ofisini. Nilikuwa na mkono mzuri na mdomo mkali, na wateja walinijua kwa vyote viwili. Nikaolewa na Yustus, dereva wa lori la kahawa, mtu wa maneno machache ambaye hata akitoka Mwanza na macho mekundu kama pilipili atakwambia yuko sawa. Tulikaa Kayanga vizuri. Tukampata binti yetu, Prudensia. Bweranyange kwao tulikwenda Krismasi, Pasaka na kwenye misiba.

Neno lile nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa mama mkwe wangu, Kokugonza. Ilikuwa ziara yangu ya kwanza kama mke. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, rundo kubwa, na nilipofika katikati nikaweka kisu chini ninyooshe mgongo. Kokugonza alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona mwanamke anayefanya kazi amesimama kama yule, hata kuchambua maharage atachambua kwa kuinama. Akanitazama, akasema kwa upole, "Mke wa mwanangu, usituletee adelgunda humu ndani."

Njiani kurudi nikamuuliza Yustus hilo ni neno gani, mbona Kihaya chetu hakina. Akapunguza mwendo.

"Ni jina la mama yangu," akasema.

"Mama yako si Kokugonza?"

"Huyo ndiye aliyenilea."

Ndipo aliponieleza. Babu yake alipofariki, Yustus alikuwa bado anatambaa. Katika ukoo wao, siku ya kuanua matanga, kigoda cha marehemu hutolewa nje kikatandikwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, kikawekwa barazani kumsubiri mrithi. Wanaume huenda kwanza kaburini, kule migombani. Mpaka warudi, kigoda hakiguswi na mtu. Wakirudi, mrithi anakalishwa, anapewa panga la baba yake, wanawake wanapiga vigelegele na lubisi, pombe ya ndizi, inanywewa. Mrithi siku ile alikuwa Melkiory, baba yake Yustus. Na mke wa Melkiory alikuwa Adelgunda, ambaye alipikia msiba ule tangu kilio cha kwanza.

"Akapita barazani na sinia," Yustus akasema. "Akakaa."

"Kwenye kigoda?"

"Alichoka. Hakukiona. Alikaa mahali pa kwanza palipokuwa na mahali pa kukaa."

Walimpeleka kwao Kyerwa siku ileile, kabla jua halijazama, maana mwanamke aliyekalia kigoda kabla ya mrithi halali tena katika boma lile. Mtoto akabaki. Msichana wa jirani aliyekuja kusaidia kupika, Kokugonza, akaendelea kumbeba mtoto, na baada ya muda akaolewa na baba wa mtoto. Kijiji nacho kikapata neno lake. Watu walilichezea hivyo mpaka wengine wakasahau kwamba lilikuwa jina la ubatizo la mtu.

Nilimhurumia Yustus siku ile. Nilielewa kwa nini hasemi kamwe kwamba amechoka. Sikujua kwamba kigoda kile kilikuwa kinanisubiri na mimi.

Melkiory alifariki mwaka jana, kahawa zikiwa zimeanza kuiva. Alikuwa mzee mzuri, mkimya, na nilimlilia kwa haki. Kuanua matanga kukaahirishwa mpaka mavuno yaishe. Lakini kabla hata udongo wa kaburi haujakauka, baba mdogo Novatus, mdogo wake marehemu na msemaji wa ukoo, aliita kikao cha familia. Mrithi ni Yustus, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa ni nani atakaa kwenye kibanja, yaani nyumba na migomba ya ukoo.

"Nyumba ya mrithi haifungwi kufuli," Novatus akasema. "Yustus yuko barabarani na lori, hilo tunalielewa, kazi ni kazi. Lakini mke yupo."

Alisema "mke yupo" kama mtu aliyeona jembe alilokuwa analitafuta.

"Baba mdogo," nikasema, "mimi nina kazi Kayanga."

Akatabasamu. "Cherehani hushonea popote, mwanangu. Italetwa."

Na ililetwa. Yustus mwenyewe ndiye aliyeipakia kwenye lori, akakabidhi funguo za chumba kwa mwenye nyumba, bila kunitazama usoni. Cherehani ikaingizwa stoo, na kesho yake magunia ya kahawa ya maganda yakapangwa juu yake. Nilipouliza lini itatolewa, nikaambiwa kahawa ikiuzwa. Kahawa ilipouzwa, yakaja maharage.

Nisimseme vibaya Yustus. Alinipenda, na bado ananipenda. Nilipomwambia akatae kurithi, alinitazama kama niliyemwambia avue ngozi. "Kigoda hakikataliwi, Vero. Ukikataa, umesema baba yako hakuzaa." Alikuwa akija Jumamosi, anaondoka Jumapili baada ya ibada. Mimi nilibaki na migomba, na mbuzi, na kahawa za kuanika na kuanua mvua ikitishia, na mama mkwe anayefanya kazi amesimama.

Nilitoroka mara moja. Nilimbeba Prudensia, nikapanda bodaboda mpaka Kayanga, nikaingia kwa baba yangu dukani. Baba alinisikiliza vizuri. Akaninunulia soda. Kisha akafunga duka, akaazima pikapu ya rafiki yake na kunirudisha Bweranyange mwenyewe, na kreti ya bia nyuma kwa ajili ya kuomba radhi. Novatus akampokea kwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, wakaketi wakatafuna, wakazungumzia bei. Walizungumza kwa heshima kubwa. Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia, na nilitaka kulia nikashindwa, nikabaki nimekasirika tu mpaka meno yananiuma.

"Mwanamke akiondoka mwenyewe, anarudishwa," Kokugonza akasema nyuma yangu. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anakoleza moto.

Ni sentensi hiyo iliyonifanya nimfikirie Adelgunda. Mwanamke mmoja tu aliwahi kutoka katika boma lile asirudishwe. Nilianza kuuliza kidogo kidogo, kwa kinyozi, kwa muuza vitumbua, mpaka nikajua kwamba yu hai na anaishi kwa kaka yake karibu na Nkwenda. Nikamwambia Kokugonza nampeleka mtoto chanjo. Nikaenda Kyerwa.

Nilitegemea kumkuta mtu aliyelala. Ndivyo neno lilivyonizoesha. Nilimkuta mwanamke mfupi, mvi zimejaa, analima kwa kasi kwenye shamba la maharage, kanga imekazwa kiunoni. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba bila kuacha jembe. Nikamwambia mimi ni mke wa Yustus, na mtoto ni Prudensia. Jembe likasimama hewani, likashuka polepole.

Hakuniuliza kama Yustus humtaja. Aliuliza kama bado hapendi maharage mabichi, na kama kovu la kwenye goti lilipona vizuri, lile la kuangukia chungu. Nikasema lilipona. Kisha akamtazama Prudensia aliyelala mgongoni kwangu, akamtazama sana, hakumgusa.

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba. Yaani mimi nilikaa. Yeye alichuchumaa, anachambua magugu huku anaongea.

"Mama," nikamwambia, "ulikuwa umechoka kiasi gani siku ile?"

Akacheka kidogo. "Nilichoka, wasikudanganye. Lakini kigoda nilikiona."

"Ulikiona?"

"Waitu, kigoda chenye lubugo kiko peke yake barazani, nani asikione? Melkiory hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga. Alikuwa hanioni tu. Nilikwenda kwetu kupumzika, baba akanirudisha na mtungi wa lubisi kichwani. Nikaenda tena, akanirudisha. Nikajua nikiondoka mwenyewe nitarudishwa mpaka nife. Sharti wanifukuze wao."

Nikamsogeza Prudensia mgongoni. "Lakini ulimwacha mtoto."

Mikono yake ikatulia kwenye magugu. "Sikumwacha. Sikiliza vizuri, wewe mtoto. Katika ukoo ule, aliyekalia kigoda kwa kukidharau huondoka na uzao wake. Hawamtaki hata mtoto wake, wanasema ana damu ya dharau. Nililijua hilo, ndiyo maana nilikaa. Nilitaka waniambie ondoka na kitoto chako. Nilikuwa nimeshafunga nguo zake kwenye kitambaa. Wazee wakaja, nikasubiri waniulize niseme kwa kinywa changu kwamba nimekikalia nikijua. Hawakuniuliza. Mtu alikuwa ameshawaambia kwamba nilichoka, sikukiona. Wakanihurumia. Aliyechoka huondoka peke yake, mtoto wake ni wa ukoo. Nilipiga kelele kwamba nilikiona. Wakasema, masikini, angalia, amechoka mpaka akili."

"Nani aliwaambia?"

"Sikuwahi kujua." Akaanza tena kuchambua. "Nilirudi baada ya muda, nikasimama kwenye uzio. Yustus alikuwa ameanza kutembea. Nikamwita. Akanitazama, akakimbia kumshika sketi mwanamke mwingine. Nilikaa mara moja tu, Mama Prudensia. Tangu hapo sijakaa."

Aliponisindikiza barabarani alinipa mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuubeba, nikaufunga nyuma ya bodaboda. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa inatoka. Adelgunda alikosea jambo moja. Alisubiri kuulizwa. Mimi nina mdomo. Nitakaa, na kabla mtu hajanihurumia nitasema kwa sauti, mbele ya ukoo wote na jirani na mchungaji, kwamba mimi Vero nimekiona kigoda na nimekikalia nikijua. Wataniambia ondoka na mtoto wako. Nitaondoka naye. Yustus akinipenda, Kayanga anaijua njia yake. Asiponifuata, nitalia, lakini nitalia nikiwa kwenye cherehani yangu.

Niliishi na mpango ule kama mtu anayeficha yai kifuani. Nilipika, nililima, nilinyamaza. Novatus akanisifu kwamba nimetulia. Kokugonza hakunisifu. Alinitazama tu.

Siku ya kuanua matanga boma lilijaa. Nyasi mpya zilitandazwa sebuleni na barazani, zikanukia uwanja mzima. Tulipika tangu alfajiri. Nilikuwa nimemfunga Prudensia mgongoni tangu asubuhi, nguo zake chache nimezificha kwenye mfuko chini ya kapu la sahani. Lakini mtoto akasumbuka na moshi, akalia, akawa anajinyonganyonga kwenye kanga, na nikiwa nimeshika sufuria kwa mikono miwili nikasikia fundo la kanga likifunguliwa nyuma yangu. Ni Kokugonza. "Mlete kwangu, utamchoma," akasema, na kabla sijageuka alikuwa amemfunga mgongoni kwake. Prudensia akanyamaza papo hapo. Wakati ule sikuwaza kitu. Nilishukuru.

Mchungaji akaomba. Kigoda kikatolewa. Ni kigoda kidogo cha kawaida, cheusi kwa mafuta ya miili ya watu, mguu mmoja umepasuka. Novatus akakitandika lubugo, akakiweka barazani juu ya nyasi. Kisha wanaume wote wakashuka migombani kwenda kaburini, Yustus mbele yao ndani ya suti aliyoolea, mabega yameshuka. Wanawake walikuwa uani wanapakua. Baraza likabaki tupu.

Nikachukua sinia la ndizi, niwe na sababu ya kupita. Nikapita. Nikasimama mbele ya kigoda.

Nitasema ukweli, sikuwa na woga peke yake. Nilikuwa nimechoka. Miezi yote ile ilikuwa imeingia kwenye magoti. Hata bila mpango wowote ningetamani kukaa pale, kwenye kitu chochote, dunia ipite. Nikaweka sinia chini. Nikageuka nijishushe, nikakusanya sketi, na mkono wangu ukagusa lubugo. Ni nguo laini kuliko inavyoonekana.

"Hata yeye alikitazama kwanza," sauti ikasema.

Kokugonza alikuwa mlangoni, kutoka ndani. Prudensia amelala mgongoni kwake, shavu limebonyea kwenye bega la bibi.

Sikukaa, sikusimama, nikabaki nimeinama katikati.

"Nilikuwa hapa hapa," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa msichana, Yustus amelala mgongoni kwangu hivi hivi. Nilimwona akiweka sinia. Akakitazama kigoda, akamtazama na mtoto. Nikajua. Wazee walipokuja wakaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa karibu. Nikasema, amechoka, hakukiona."

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Kwa nini, mama?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Wangemtoa mtoto kwenye ukoo. Asingekuwa na kibanja wala kaburi la kuzikwa. Nilisema nimwokoe. Au nilisema kwa sababu alikuwa mzito mgongoni na joto lake nililipenda. Nimejiuliza sana, Vero. Sijui tena."

Kutoka migombani wimbo wa wanaume ulikuwa umeanza kupanda. Walikuwa wanarudi.

"Mimi nitasema mwenyewe," nikamwambia. "Nitasema nimekiona. Nitapiga kelele kanisani hata sokoni."

"Yeye pia alisema." Akasogea hatua moja kwenye nyasi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au si kwa moshi. "Ukikaa, nitasema umechoka. Nitawaambia mke wa mwanangu hajalala vizuri tangu msiba, analima, anaanika kahawa, anapika, amechoka mpaka hajui anachosema. Wataniamini, mwanangu, maana umechoka kweli. Kila mtu hapa ameona. Na Prudensia atabaki nami."

Nikamtazama mwanangu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, anatoa mate kwenye gauni la bibi yake.

"Utanifanyia hivyo?" nikasema.

"Nitakufanyia." Akamkaza mtoto mgongoni. "Naogopa nyumba hii, Vero. Melkiory amekwenda. Ninyi mkienda, nitabaki na mbuzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kama nimechoka. Hata mara moja. Sikuthubutu kukaa, nisije nikaitwa jina la mwenzangu."

"Umechoka?" nikamuuliza. Sijui kwa nini. Nilikuwa namchukia, na swali likatoka.

Akanitazama kama niliyemrushia maji. "Nduhire," akasema. Neno dogo la kila siku, la watu wanaotoka shamba na kwenda kuoga. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Niliondoa mkono kwenye lubugo. Palikuwa na alama ya vidole vyangu, mafuta ya ndizi, nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikanyoosha upande uliokunjika. Kisha nikainua sinia. Wanaume waliibuka kutoka migombani, Novatus akitangulia na panga la marehemu, Yustus nyuma yake, na wanawake wakaja mbio kutoka uani kujipanga.

"Nani ameliangalia baraza?" Novatus akauliza, kama inavyoulizwa.

"Sisi," Kokugonza akajibu. "Mimi na mke wa mwanangu."

Wakamkalisha. Yustus alishuka kwenye kigoda kile taratibu sana, na kilipompokea akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mume wangu amekaa kama mtu aliyechoka. Novatus akaweka panga mapajani mwake. Yustus akafumbua macho, akanitafuta kwenye kundi la wanawake, akanipata.

Ukafika wakati wa vigelegele. Mke wa mrithi ndiye huanza, wote wananisubiri mimi. Nikafungua mdomo na nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko nilivyowahi kupiga kwenye harusi yoyote, nikapiga mpaka mbuzi wakashtuka zizini, kwa sababu nilikuwa nataka kupiga kelele tangu cherehani yangu ilipofunikwa magunia, na hii ndiyo kelele pekee niliyoruhusiwa. Wanawake wakanipokea. Mtu mmoja nyuma akasema, huyu ndiye mke, huyu hana adelgunda hata kidogo.

Prudensia akaamka, akaanza kulia. Kokugonza akampapasa kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine alinishika kiganja, chini ya kanga watu wasipoona, akakibana, na hakukiachia mpaka nilipomaliza.